Uwanja wa jiji jioni ya mvua: kwa nini picha inageuka tope, na mipigo huru ya brashi inatoka wapi

*"Mwalimu, ninachora kwa rangi za mafuta, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikirudia picha ileile: uwanja wa katikati ya jiji jioni baada ya mvua, taa zimeanza kuwaka, watu wanavuka, na majengo ya nyuma yanapotelea kwenye ukungu. Ninachora nikiangalia picha niliyopiga mwenyewe kwa simu. Ninapenda kazi ambazo ukizisogelea unaona mabaka ya rangi tu, lakini ukirudi nyuma kila kitu kinajipanga. Nimenunua brashi pana, nimejaribu kuchora haraka, nimeacha kuchora mistari ya awali, na nimeongeza nyeupe kila mahali ili nipate ukungu. Ninachopata ni ama tope la kijivu, ama ninaingiwa na hofu, narudi kwenye brashi ndogo na kuishia kuhesabu madirisha. Watu wangu wanaonekana kama vijiti vilivyochomekwa ardhini. Je, tatizo ni mkono wangu kutokuwa huru? Nihamie kwenye kisu cha rangi au akriliki? Au hiki ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho?"*

Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kosa lolote katika mkono wako. Wasiwasi wako ni kwamba huna uhuru wa brashi, nawe umejaribu kuupata kwa kubadili vifaa na kasi. Mimi naona kwamba unaitaka brashi ifanye kazi ambayo ilipaswa kuwa imekwisha kabla haijagusa kanvasi, yaani kuamua kila eneo la picha liwe na mwanga kiasi gani au giza kiasi gani likilinganishwa na maeneo ya jirani. Uamuzi huo ukishakuwepo, baka moja la rangi linatosha kuwa mtu, na ukikosekana, mabaka mia hayatoshi. Ndiyo maana unarudi kwenye madirisha: dirisha ni kitu ambacho una hakika nacho, na mtu asiye na hakika na mambo makubwa hukimbilia madogo.

Tuanze na kasi, kwa sababu ndiyo dhana inayopotosha wengi zaidi. Mpigo huru si lazima uwe mpigo wa haraka. Mchoraji Camille Pissarro, ambaye maradhi ya macho yalimlazimu kufanya kazi nyingi akiwa ndani, alikodi chumba cha hoteli jijini Paris mwaka 1897 akachora barabara ya Montmartre kutoka dirishani mara nyingi, asubuhi, jioni, wakati wa baridi na wakati wa mvua, na hata mara moja usiku. Kisha akahamia hoteli nyingine iliyotazamana na uwanja wa Place du Théâtre Français, na mwaka 1898 akauchora ukiwa umelowa mvua. Ukiitazama picha hiyo ya mvua utaona mipigo mifupi, mingi, iliyopangwa kwa subira, na magari ya farasi ambayo hayana zaidi ya mabaka machache ya rangi. Huyo hakuwa mtu aliyekuwa akikimbizana na saa. Alikuwa amekitazama kitu kilekile hadi akajua kipi kinaweza kuachwa.

Kuhusu watu waliopunguzwa kuwa mabaka, ujue kwamba lawama zake ni za zamani. Mchoraji Claude Monet alipoonyesha picha yake ya barabara ya Capucines katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1874, mhakiki Louis Leroy aliwadhihaki wapita njia wake kwa kuwa ni mabaka meusi tu. Hata hivyo mabaka hayo yanatembea, nayo yanatembea kwa sababu jicho la mwanadamu limeumbwa kufanya kazi hiyo. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili inachukua takriban nyuzi 2 tu za uwanja wa kuona, karibu upana wa ukucha wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono, na yote yaliyobaki huonekana kwa ukungu huku ubongo ukikamilisha. Ukisimama pembeni mwa uwanja, huoni watu 40 wenye pua na vifungo vya mashati. Unamwona mmoja, na wengine ni miondoko ya giza na mwanga. Mchoraji anayemchora kila mtu kwa ukali sawa anachora kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa mtazamo mmoja.

Sasa tuje kwenye ukungu, ambako nadhani ndiko tope lako linakoanzia. Umeongeza nyeupe kila mahali, na hilo ni kosa linaloeleweka, kwa sababu ukungu huonekana mweupe. Lakini hebu tazama unavyofanya kazi. Kati yako na jengo la mbali kuna matone madogo ya maji yanayotawanya mwanga. Sehemu ya mwanga unaotoka kwenye jengo haikufikii, na mwanga mwingine uliotawanywa na matone unaongezeka juu yake. Matokeo yake ni kwamba giza la jengo linapanda kuelekea mwangaza wa ukungu, na weupe wa jengo, kama ni mkali kuliko ukungu, unashuka kuelekea mwangaza uleule. Ncha zote mbili zinakaribiana. Kwa hiyo ukungu haumaanishi kwamba kila kitu kinakuwa cheupe zaidi. Unamaanisha kwamba tofauti kati ya vitu inapungua kadiri umbali unavyoongezeka, hadi kitu na hewa vinakuwa kimoja.

Jambo la pili ni rangi ya ukungu wenyewe. Katika hewa kavu na safi milima ya mbali huonekana ya buluu, kwa sababu chembe ndogo mno za hewa hutawanya buluu kuliko rangi nyingine. Matone ya ukungu ni makubwa zaidi, nayo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo ukungu hauna rangi yake. Unachukua rangi ya mwanga unaouingia. Upande wa anga la jioni utakuwa wa kijivu chenye ubaridi, na kuzunguka taa utakuwa na joto la manjano au rangi ya chungwa. Nyeupe ya titani ikiongezwa moja kwa moja kwenye rangi huifanya iwe baridi na iliyofifia, kama chaki, nawe umefanya hivyo kwa picha nzima, pamoja na sehemu za karibu ambazo hazikuhitaji ukungu wowote. Badala yake changanya fungu moja la rangi ya ukungu, tuseme buluu ya altramarini na siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) zilizopunguzwa kwa nyeupe, ulilinganishe na anga la picha yako, kisha uongeze fungu hilo kidogokidogo katika kila kitu kadiri kinavyokwenda mbali. Jengo la karibu lisipate hata tone, la kati lipate robo, la nyuma kabisa liwe karibu ukungu mtupu. Kwa njia hii vitu vyote vya mbali vinakuwa na kitu kimoja cha pamoja, na macho yanakubali kwamba viko ndani ya hewa ileile.

Ardhi iliyolowa nayo ina utaratibu wake, na ukiuelewa utapunguza kazi kwa nusu. Sakafu ya mawe iliyolowa ni kioo kibovu. Kwa kuwa haikulainika sawasawa, taswira ya taa au ya mtu hurefuka kwa wima kuelekea kwako na kukatikakatika, lakini haisambai sana pembeni. Chora taswira kwa mipigo ya kwenda chini kwanza, halafu uivunje kwa mipigo michache ya kulala, ambayo ndiyo inayosema kwamba hapa pana ardhi. Kwa kawaida vitu vyeusi huakisiwa vikiwa na mwanga kidogo kuliko vilivyo, na vyeupe huakisiwa vikiwa na giza kidogo. Wanaoanza hufanya taa na taswira yake ziwe na nguvu sawa, na picha ikakosa juu na chini.

Kuhusu picha ya simu: itumie, lakini usiiamini. Kamera inapokabiliana na anga angavu na uwanja wenye giza hulazimika kuchagua, na mara nyingi huzamisha vivuli vyote katika weusi mmoja au huunguza anga likawa karatasi tupu. Simu nyingi pia hunoa kingo za vitu vyote, vya mbali na vya karibu, kwa kiwango kilekile, yaani zinafuta kabisa umbali unaoutafuta. Ukiweza kurudi uwanjani wakati uleule, nenda na penseli na karatasi ndogo tu, uandike ni wapi palikuwa na giza zaidi, wapi palikuwa na mwanga zaidi, na kingo zipi hazikuonekana. Maandishi hayo yatakufaa kuliko picha kumi.

Kabla ya kufungua hata tyubu moja, chora mchoro mdogo wa upana wa sentimita 10 hivi, ukitumia viwango vitatu pekee: mwanga, kati na giza. Finya macho unapoutazama uwanja au picha yake, hadi maelezo yote yapotee na yabaki maumbo makubwa. Ruhusu maumbo yanayokaribiana kwa kiwango yaungane. Kundi la watu, kivuli cha mnara na mlango wa duka vinaweza kuwa umbo moja la giza, wala hakuna haja ya kuvitenganisha. Kama mchoro huo mdogo hausomeki kuwa ni uwanja wa jioni, picha kubwa haitasomeka, hata uwe na brashi ya namna gani. Chora kadhaa. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba hapa ndipo picha inapochorwa, na wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu hapa hakuna raha ya rangi.

Hili linajibu pia suala la mistari ya awali uliyoiacha. Uliacha kitu kisichokuwa na hatia. Mistari michache inayoonyesha upeo wa macho, miteremko ya paa na mahali ardhi inapokutana na majengo haimfungi mtu; inampa ruhusa ya kutojali mengine. Kinachofunga ni kuchora madirisha kwa penseli halafu kujiona una deni la kuyajaza yote.

Kisha changanya mafungu ya rangi kwenye paleti kabla ya kuanza, matano au sita, kuanzia giza hadi mwanga, na kwa wingi kuliko unavyodhani utahitaji. Tope halitokani na kijivu. Uwanja wa mvua umejaa kijivu, na kijivu kizuri ni nusu ya picha hiyo. Tope hutokea pale brashi inapopita mara nyingi juu ya rangi mbichi, ikichota rangi ya chini na kuichanganya na ya juu hadi viwango vyote viwe kimoja. Dawa yake ni ya kimwili kabisa. Tabaka la kwanza liwe jembamba, lililopunguzwa kidogo kwa tapentaini na kufutwa kwa kitambaa lisiteleze. Tabaka linalofuata liwe zito zaidi, nalo uliweke kwa brashi iliyojaa, ukiilaza, ukivuta mara moja na kuinyanyua. Futa brashi kwa kitambaa baada ya kila mipigo miwili au mitatu, hata kama unaiona safi. Ukiona mpigo haukukaa vizuri, usiusugue. Ukwangue kwa kisu na uweke mwingine. Na uzingatie kanuni ya tabaka lenye mafuta mengi juu ya lenye mafuta machache: rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani, na tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole. Ukiweka juu yake tabaka lenye mafuta machache, la juu litatangulia kukauka na baadaye litapasuka.

Kingo ndizo zinazowafanya watu wako waonekane wamechomekwa. Nadhani umewazungushia mpaka mkali kila upande. Jaribu hivi na mtu mmoja mwenye mwavuli, katikati ya uwanja, ardhi ikiwa bado mbichi. Chukua brashi bapa ya nywele ngumu, yenye upana wa sentimita moja hivi, uijaze kijivu cha giza, uilaze mahali pa mabega, na uvute chini ukipunguza shinikizo kadiri unavyokaribia magoti, ili umbo lianze pana na kumalizikia jembamba. Juu yake weka mpigo mmoja uliopinda wa mwavuli, wenye ukingo mkali upande unaopokea mwanga wa taa tu. Kichwa usikichore, au kiwe kitone kidogo kuliko unavyofikiri, kwa sababu kichwa cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya 7 au ya 8 ya urefu wake, na kichwa kikubwa humgeuza mtu mzima kuwa mtoto. Mguu mmoja uishie juu kidogo ya mwingine, basi anatembea. Kisha chukua brashi kavu na laini, uivute kutoka miguuni kwenda chini ndani ya rangi mbichi ya ardhi, mara moja tu, ili miguu na taswira yake viyeyukiane. Malizia kwa mpigo mmoja wa kulala unaokata taswira hiyo. Mtu huyo sasa ana ukingo mmoja mkali na mingine iliyopotea, na amefungwa na ardhi anayoikanyaga.

Mahali pa kuwaweka watu nako kuna siri rahisi. Kama uwanja ni tambarare na wewe umesimama, upeo wa macho yako unapita kwenye macho ya kila mtu mzima aliyesimama, awe karibu au mbali. Vichwa vyote vitakaa karibu na mstari mmoja, na kinachobadilika ni miguu, ambayo hupanda kadiri mtu anavyokuwa mbali. Ukichora kutoka dirishani ghorofani, kama alivyofanya Pissarro, mstari huo uko juu ya vichwa vyote na watu wanaonekana wakiwa na ardhi nyuma yao. Kuchanganya mitazamo hii miwili katika picha moja huwafanya watu waelee, hata wawe wamechorwa kwa ustadi gani.

Taa ziache mwisho. Mwanga wa taa hautoki kwenye nyeupe ya tyubu, unatoka kwenye giza ulilolihifadhi kuizunguka. Weka kwanza duara pana la manjano iliyofifia lisilo na ukingo, kisha dogo lenye rangi kali zaidi, na katikati doa nene la nyeupe yenye manjano kidogo. Ukiweka nyeupe tupu kila penye taa, utapata matundu. Tatu au nne zenye nguvu zinatosha, nyingine zizamishe kwenye ukungu.

Umeuliza kama uhamie kwenye kisu. Kisu ni kizuri sana kwa sakafu iliyolowa na kwa kuta kubwa, kwa sababu huweka rangi bila kuchota ya chini, na kwa hilo kitakusaidia dhidi ya tope. Lakini huzaa unene wa kuvutia kila mahali, na unene unaweza kumfanya mtu asione kwamba viwango vyake havikukaa sawa. Ningekushauri ukitumie kwenye ardhi peke yake kwanza. Akriliki nayo ina faida ya kweli: tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo huwezi kulivuruga. Hasara yake kwa somo hili ni kubwa vilevile, kwa kuwa kingo laini zinahitaji rangi mbichi inayokutana na rangi mbichi, na akriliki pia huwa nyeusi kidogo ikikauka, jambo linalosumbua unapotafuta tofauti ndogondogo za ukungu. Kwa picha unayoitamani, nisingeacha rangi za mafuta. Brashi pana uliyonunua ibaki nayo, na ile ndogo usiitupe: iweke mbali hadi robo tatu ya kazi iwe imekwisha, halafu uitumie mahali pamoja tu, pale unapotaka jicho litue.

Kuhusu kipaji, sitakudanganya kwamba watu wote huanzia mahali pamoja. Wapo wanaoona viwango mapema kuliko wengine. Ila kuona viwango ni stadi inayofundishika kuliko nyingi katika uchoraji, na inapimika. Ibadilishe picha ya kazi yako kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu, na kosa litajionyesha lenyewe.

Yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. La kwanza ni afya na usalama. Kama ukitumia tapentaini unapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au vipele mikononi, acha kuitumia, fungua madirisha, osha brashi kwa mafuta ya kitani na sabuni, na dalili zikiendelea mwone daktari. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe kwenye pipa, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

La pili ni mkono wako wenyewe. Kama baada ya michoro midogo, mafungu ya rangi na picha tatu au nne ndogo kwa utaratibu huu bado unapata tope, tafuta mwalimu au kikundi cha wachoraji ambao utachora mbele yao. Mtu aliye karibu ataona mambo ambayo picha ya kazi iliyomalizika haionyeshi: unavyoshika brashi karibu mno na nywele zake, unavyokaa bila kurudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi, unavyoikandamiza rangi badala ya kuilaza. Nenda na ile michoro midogo pamoja na picha moja iliyoshindikana, na umwombe akutazame ukichora mtu mmoja mwenye mwavuli kuanzia mpigo wa kwanza hadi wa mwisho, kabla hajasema lolote.